Chumvi ya Vidole Vitatu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Bangladesh, kulikuwa na kazi ambayo malipo yake yalitegemea kumbukumbu ya mtu mwingine. Mwalimu wa kike kutoka shirika la BRAC alipita nyumba kwa nyumba, akaketi uani na mama mmoja mmoja, akamfundisha jinsi ya kumnusuru mtoto anayeharisha: maji ya kunywa kama nusu lita, chumvi inayoshikika kwa ncha za vidole vitatu, na konzi moja ya sukari guru. Mama hakukaa kutazama. Alikoroga mwenyewe, akaonja mwenyewe, akayarudia kwa mdomo wake mambo aliyoambiwa. Mwalimu akaaga. Wiki kadhaa baadaye akatokea mtu mwingine, mkaguzi, akachagua nyumba chache kati ya zile zilizotembelewa, akauliza: ulifundishwa nini? Hebu koroga nione. Mama akikumbuka vizuri, mwalimu wake alilipwa vizuri. Mama akibabaika, ni mwalimu aliyepunjika.

Wawezeshaji wangapi wa semina zetu wangekubali bahasha yao ingoje mwezi mzima, mpaka washiriki waulizwe wamebaki na nini?

Mkataba ule ulibadili mengi kuliko malipo. Somo lilianza likiwa na mambo kumi ya kukumbuka. Baadaye likapunguzwa hadi saba, na si kwa sababu matatu yaliyobaki hayakuwa ya kweli. Mtu anayelipwa kwa kile kilichobaki kichwani mwa mwenzake hujifunza haraka kuacha vya ziada. Vipimo navyo vilichaguliwa kwa akili hiyo hiyo. Gramu zinahitaji mizani ya dukani, na kijiko cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile, lakini hakuna mama anayesahau vidole vyake nyumbani. Kwa miaka kumi hivi, hadi 1990, somo hilo lilifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Wengi wa waliofundishwa hawakujua kusoma, na halikuwa tatizo, kwa kuwa hapakuwa na cha kusoma.

Swali la kwa nini jambo moja hubaki na jingine hupeperuka kwa kawaida huulizwa upande wa msemaji: ana sauti nzuri, ana slaidi nzuri, amejipanga. Mfano wa Bangladesh unalihamishia upande wa pili. Kinachobaki ni kile ambacho msikilizaji alipewa cha kufanya nacho, akirudie, akikamilishe, akibishie au akipe jina. Ukichunguza mbinu zote zinazosifiwa, za kale na za maabara, utakuta kazi hiyo ndogo ya msikilizaji imejificha mahali fulani ndani yake.

Msemaji mwenyewe ni hakimu mbovu katika hili. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mtafiti wa saikolojia aitwaye Elizabeth Newton aliwagawa watu makundi mawili. Wa kwanza walipewa nyimbo ambazo kila mtu nchini mwao anazijua, wakatakiwa wagonge mapigo yake mezani kwa kidole. Wa pili wakatakiwa wasikilize na kuutaja wimbo. Wagongaji walipoulizwa wanadhani watatambuliwa mara ngapi, walikisia nusu. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, na maneno yake na ala zake. Anayesikiliza anasikia ko-ko-ko. Mtaalamu anayeeleza sera ya maji kwa wanakijiji anagonga meza vivyo hivyo, na anashangaa kwa dhati kwamba hakuna anayeimba pamoja naye.

Kusahau kwenyewe si kosa la nidhamu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, maelfu kwa maelfu, kisha akaangalia kazi yake ilidumu kiasi gani. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki karibu theluthi. Watu hunukuu mporomoko huo kama sheria ya kichwa cha binadamu, wakisahau kwamba silabi zake zilichaguliwa makusudi ziwe hazishikiki popote. Hata hivyo mfano wake hauko mbali na sisi. Chukua kauli mbiu ya aina inayotundikwa ukumbini kila mwaka: kuimarisha ushirikishwaji wa wadau katika uboreshaji endelevu wa huduma. Kila neno ni Kiswahili sanifu. Hakuna hata moja linaloonekana, linalonusika wala linalogusika, na hakuna mtu anayetenda kitu. Fulana zitachapwa, zitavaliwa, zitageuka matambara ya kufutia baiskeli, na kauli itakuwa imeondoka mapema kuliko rangi ya fulana.

Inasikitisha zaidi kwa sababu neno lenyewe, kauli mbiu, limetokana na chombo kilichojua kazi yake. Mbiu ni pembe ya mnyama iliyopulizwa kuita watu, na kila mtu anajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Sikiliza ile mbo inavyogonga mara mbili. Au chukua haba na haba hujaza kibaba. Silabi ba imejirudia mara nne katika maneno matano. Mtu akisema kidogo kidogo hujaza kipimo, maana ni ile ile, ila methali imekufa. Vijana wengi wanaoitumia hawajawahi kupimiwa mchele kwa kibaba. Kipimo kimewatoka, neno limebaki kwa kuwa sauti inalidai. Ukijaribu kulibadilisha, mdomo wenyewe unakukatalia.

Kukataa huko ndiko kulikofanya ushairi uwe ghala la kuhifadhia mambo kabla vitabu havijawa vitu vya kila nyumba. Mshororo wa kawaida wa shairi la pwani una mizani 16, nane na nane, na vina katikati na mwishoni. Aliyekariri akisahau neno moja, mshororo unachechemea na kila aliyepo anasikia. Akiweka neno la kubahatisha, lazima liwe na idadi sahihi ya silabi, likubaliane na kina, na lilete maana. Maneno yanayotimiza masharti yote matatu ni machache mno, na mara nyingi ni moja tu, lile lile lililopotea.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Alikuwa malenga wa siasa na wa mtaani kwa pamoja. Aliwatetea Wamazrui, watawala wa mji wake, dhidi ya Sayyid Said wa Unguja, akachokoza na kuchokozwa, akatunga juu ya mapenzi, njaa na biashara. Tungo zake zilizagaa mjini kwa midomo ya watu. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alianza kuzikusanya kutoka katika kumbukumbu zilizokuwa bado hai, akaziandika kwa hati za Kiarabu, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akazihifadhi. Diwani ilichapwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, miaka mia moja kamili tangu mwenyewe azikwe. Tungo hizo zilivuka miongo hiyo ya mwanzo kwa sababu watu walikuwa na matumizi nazo. Ukitaka kumjibu jirani yako bila kumtukana, ubeti wa Muyaka ulikuwa tayari umekutangulia.

Mwana Kupona binti Msham wa Pate alielewa jambo hilo alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda hatakuwapo kumwelekeza tena. Angeweza kumwandikia wosia wa kawaida. Akachagua beti fupi fupi, zenye kina kimoja kinachorudi mwisho wa kila ubeti tangu wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayefunga fundo lile lile kila baada ya hatua moja. Kuhusu mafunzo yaliyomo, wasomaji wa leo wanabishana, na wana haki. Ila hawabishani juu ya maneno ambayo yamesahaulika.

Kuna chombo kingine, cha watoto zaidi, ambacho watafiti wamekuja kukithibitisha bila kujua kwamba kinaishi kwetu. Jioni, bibi anasema: kitendawili! Watoto wanajibu: tega! Nyumba yangu haina mlango. Mmoja anasema kaburi, bibi anatikisa kichwa. Mwingine anasema mtungi. Wanacheka, kwa sababu mtungi una mdomo mpana. Wakishindwa kabisa, bibi anadai mji. Wanampa Mombasa. Hana haraka, kwanza anaenda Mombasa, anasimulia alivyokaribishwa, alivyokula na kunywa, huku watoto wanafurukuta mkekani. Ndipo anasema: yai. Mtoto aliyesubiri mpaka bibi akatembea Mombasa nzima hawezi kusahau jibu lile. Angekuwa ameambiwa tu kwamba yai halina mlango, angesema ndiyo na kuendelea na mambo yake.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine walifunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi, ingawa hawakuwa wameona maandishi mara ya pili. Mwalimu anayemaliza kipindi kwa kuuliza “tumeelewana?” na kuitikiwa “ndiyooo” anapima ile dakika ya tano.

Hadithi nayo inafanya kazi kwa njia hiyo, ingawa mara nyingi husifiwa kwa sababu ya utamu tu. Mwaka 1969, Gordon Bower na Michal Clark, tena wa Stanford, waliwapa watu orodha 12 za maneno kumi kumi. Kundi moja lilikariri linavyojua lenyewe. Jingine liliambiwa litunge kisa kinachoyaunganisha. Mwishoni, walipoulizwa orodha zote, waliotunga visa walikumbuka asilimia 93 ya maneno, wenzao 13. Walitunga wenyewe, na hilo mara nyingi husahaulika wakati matokeo hayo yanaponukuliwa kuthibitisha kwamba kila hotuba ianze na kisa.

Redio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, mchezo huo ulikuwa na mhusika aitwaye Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Wasikilizaji walimfuata safari baada ya safari, walimlaani, walimwonea huruma mkewe, mpaka ukimwi ukamfikia. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma haikurushiwa mchezo huo, na hivyo watafiti wakapata mahali pa kulinganishia. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule uliposikika. Mkwaju hakuhutubu hata mara moja. Watu waliosikiliza ndio walioendesha kesi yake kazini na vibarazani.

Ila ushindi mkubwa zaidi katika aina hii ni wa neno moja. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, matangazo mafupi ya redio nchini Tanzania yalimleta mwanamume mtu mzima mwenye pesa na maneno matamu, anayewarubuni wasichana wa shule. Jina lake Fataki. Katika kila tangazo anakaribia kufanikiwa, halafu mtu wa kawaida tu, mhudumu, jirani, rafiki, anaingilia kati na kumharibia. Kabla ya hapo kila mtu alijua watu hao wapo, na hapakuwa na namna fupi ya kuwataja hadharani bila kuonekana mchochezi. Punde neno likatoka redioni likaingia mtaani. Mzee fulani akisimamisha gari karibu na geti la shule, wanafunzi wanacheka: fataki huyo. Wingi wake ukawa mafataki, bila kuomba idhini kwa mwandishi wa kamusi yeyote. Tangazo lilimpa msikilizaji silaha ya silabi tatu, na kila alipoitumia alilirudia tangazo bila kulipwa.

Zaidi ya miongo mitatu kabla ya Fataki, nchi hiyo hiyo ilikuwa imefanya jambo kubwa zaidi kwa vifaa vichache zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikisha, redio ilizimwa. Kikundi kilifungua kijitabu, kikajadili malaria, safura au kichocho, kisha kikaamua kitakachofanyika kabla ya kikao kijacho: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Umbo la jina lenyewe linastahili kuangaliwa. Mtu ni Afya. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Mwalimu Nyerere naye mwaka 1969 alikuwa ameueleza mpango wa maendeleo kwa maneno kupanga ni kuchagua. Kiswahili kina kiungo hiki kidogo, ni, ambacho huweka vitu viwili uso kwa uso na kumwachia msikilizaji aulize vinakutana vipi. Mtu ni afya, kwa vipi? Tayari ameanza kazi. Kauli za leo zenye kuimarisha na kuboresha hazimwachii swali lolote.

Nyerere huyo huyo, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, alilieleza taifa kwamba Tanzania ina uwezo, ina sababu na ina nia ya kumpiga. Vitu vitatu, sentensi zenye umbo moja. Mamilioni wanazikumbuka, wakiwamo waliozaliwa baada ya vita. Lakini sikiliza wanavyozinukuu. Wengine huanza na sababu, wengine na nia, wengine humalizia na uwezo kana kwamba ndicho kilele. Mwanasaikolojia wa Cambridge, Frederic Bartlett, alieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini wairudie kila baada ya muda, na mitumbwi ikageuka mashua, mambo ya mizimu yakafifia, hadithi ikawa ya Kiingereza. Kukumbuka ni kujenga upya kwa matofali yaliyopo nyumbani. Kauli ya Nyerere ilivumilia ujenzi huo kwa sababu mafiga matatu hayana la mbele wala la nyuma.

Kuna somo dogo kutoka Kenya ambalo wafanyabiashara hupenda kulitaja. Majaribio ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, yaliyoanza mwaka 2005 yalilenga kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo, na maelezo yake yalikuwa marefu. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo likabaki na wazo moja: tuma pesa nyumbani. Kwa mfanyakazi wa Nairobi, nyumbani si chumba anachopanga Kawangware. Ni mashambani, kwa mama. Neno moja likabeba basi la usiku, bahasha iliyopewa utingo na wasiwasi wa kama itafika, na kampuni haikuhitaji kueleza lolote kati ya hayo.

Hapa inafaa kukubali jambo ambalo wauzaji wa mbinu hizi hawapendi kulisema. Kukumbukika hakuna uhusiano wowote na ukweli. Haraka haraka haina baraka imedumu, na ngoja ngoja huumiza matumbo imedumu, na hakuna hata moja iliyomshinda mwenzake. Mwaka 2000 watafiti Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh walionyesha kwamba watu huuona msemo wenye vina kuwa wa kweli zaidi kuliko msemo wenye maana ile ile usio na vina. Uzushi unaosambaa kwa WhatsApp una kila sifa iliyotajwa katika ukurasa huu: una mtu, una mwili, una jambo la kufanya, tena sasa hivi, mtumie kila unayempenda. Ukanusho wa wizara hutoka kesho yake, katika aya nne, na mhuri.

Na hata ukweli unaokumbukwa vizuri unaweza kukaa kichwani bila kushuka mikononi. Bangladesh iliyapitia hayo. Katika miaka ya mwanzo, wakaguzi walikuta kinamama wanaijibu mitihani yao barabara, chumvi ya vidole vitatu, konzi ya sukari guru, huku wachache mno wakiwapa watoto wao maji hayo wanapoharisha. Walipochunguza, ilibainika kwamba baadhi ya walimu wenyewe, wakiugua tumbo, walikwenda kununua vidonge. Walikariri somo bila kuliamini, na kinamama walilisoma hilo machoni mwao. Walimu wakapelekwa Dhaka kuonyeshwa jinsi maji hayo yanavyomrudisha mtu aliyekuwa anakauka. Ikaonekana pia kwamba wanaume hawakuambiwa kitu, na wao ndio walioamua kama mtoto apelekwe kwa mganga au anunuliwe dawa. Mikutano yao ikaanza kufanyika sokoni na msikitini. Mwalimu akirudi uani alikoroga, akanywa kwanza yeye, mbele ya mama na mbele ya mume, kisha akampa mama chombo.

Leo Bangladesh ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kutumia maji hayo. Pakiti za unga wa kuyatengeneza zinauzwa hata katika vibanda vya vijijini, na kinamama wengi huchana pakiti badala ya kufinya chumvi.